Msitu na Deni la Moshi

Ziko kazi ambazo mtu akizitazama kwa mara ya kwanza aweza kucheka. Mathalan, mtu mzima mwenye elimu ya chuo kikuu husafiri siku nyingi kwa gari, kwa mtumbwi na kwa miguu, mpaka ndani ya msitu wa Kongo. Huko hutafuta mti uliopigiliwa kibati chenye namba, huuzungushia utepe pale palipopakwa rangi, huandika tarakimu moja daftarini, kisha huendea mti wa pili, na wa tatu, na wa mia nne. Baada ya miaka kadhaa hurudi, akaipima tena miti ile ile. Mingi haikunenepa hata upana wa kidole. Je, kazi hiyo ina faida gani?

Kazi hiyo ndiyo ifanywayo na wataalamu wa kundi la Ikolojia na Mabadiliko ya Dunia katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, pamoja na wenzao wengi wa Afrika na Amerika ya Kusini. Kanuni zao ni rahisi kueleza, lakini ni ngumu kuzishika. Kila mti wenye unene wa sentimita 10 au zaidi hupimwa, kwa kawaida kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Ikiwa mizizi yake imetokeza kama kuta, hupimwa juu ya mizizi hiyo. Mti uliokufa huandikwa kuwa umekufa, na mche uliofikia kipimo hupewa namba yake. Kwa kujua unene wa mti, urefu wake na uzito wa ubao wa aina yake, hukadiriwa kaboni iliyomo ndani yake, yaani ile iliyotoka katika hewa ya ukaa ambayo mti umeivuta na kuigeuza kuwa mbao. Haba na haba hujaza kibaba.

Na kibaba kimejaa. Mwezi wa Machi mwaka 2020 wataalamu hao, wakiongozwa na Wannes Hubau na Simon Lewis, walitoa katika jarida la Nature hesabu ya miti kama 300,000 iliyofuatiliwa kwa miaka 30 katika misitu 565 ya Afrika na Amazon ambayo haijaguswa kwa shoka. Walionyesha ya kuwa katika miaka ya 1990 misitu ya namna hiyo ya nchi za joto ilikuwa ikivuta asilimia 17 hivi ya hewa ya ukaa yote iliyotolewa na wanadamu. Katika miaka ya 2010 ilivuta asilimia 6 tu.

Sababu walizotaja ni tatu. Kwanza, nguvu ya msitu wenyewe kuvuta hewa hiyo ilipungua kwa theluthi moja, kwa maana joto na ukame huchelewesha miti kukua na kuongeza ile inayokufa. Pili, eneo la misitu isiyoguswa lilipungua kwa asilimia 19. Tatu, moshi wa wanadamu uliongezeka kwa asilimia 46. Msitu wa Amazon ulianza kuchoka tangu miaka ya 1990, na wataalamu walikadiria ya kuwa kufika katikati ya miaka ya 2030 hautavuta tena zaidi ya unachotoa. Msitu wa Afrika ulivumilia zaidi, lakini nao ulionyesha dalili za kuchoka tangu mwaka 2010 hivi.

Hapa ndipo sayansi inapotukabidhi swali ambalo utepe wa kupimia hauwezi kulijibu. Mtu akisaidiwa kimya kimya kwa miaka mingi, bila kuomba na bila kushukuru, msaada huo huwa haki yake? Na msaada ukipungua, nani apasaye kujinyima kwanza?

Tutoe mfano. Mtu mmoja ana matumizi makubwa kuliko mshahara wake. Kila mwisho wa mwezi kaka yake mkubwa hupita dukani na kumlipia sehemu ya deni, wala hasemi neno. Mdogo mtu hafikirii ya kuwa asingalipiwa duka lingalimfungia mlango. Badala yake hukopa zaidi. Siku moja kaka mtu, ambaye sasa ni mzee na mgonjwa, analeta nusu tu ya fedha za kawaida. Mdogo wake akikasirika na kusema, "Kaka amenidhulumu," sote tutamwona mpumbavu. Aliyepewa hisani hapati kwa hisani hiyo madai juu ya aliyempa, bali hupata wajibu wa kuacha kukopa.

Mtu atasema: Msitu si kaka, hauna nia wala moyo, nao hauwezi kudhulumiwa. Ni kweli. Lakini faida tuliyoipata kwa msitu ni faida ya watu wote, nayo hasara itaangukia watu. Itamwangukia mkulima asiyejua mvua zitaanza lini, na mtoto ambaye hajazaliwa, asiyeweza kupiga kura wala kuandika barua gazetini. Haki hutaka kila mmoja apewe kilicho chake, na aliyekopa kwa jina la mtoto asiyekuwapo amekopa vibaya zaidi kuliko aliyekopa kwa jina lake mwenyewe.

Basi nani ajinyime kwanza? Twasema bila kusita: yule aliyetoa moshi mwingi na aliye na uwezo mwingi. Bara zima la Afrika hutoa kama asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi duniani. Si haki kumwambia mama apikaye kwa kuni pembeni mwa msitu asikate tawi ili tajiri wa mbali apate nafasi ya kuongeza moshi wake. Kumtaka mlinzi alinde mali ya wote pasipo kumpa hata chakula cha jioni ni dhuluma, hata ikiandikwa kwa maneno mazuri ya mikutano.

Lakini tusijifariji upesi. Udhaifu wa jirani si ruhusa yetu. Yule kati yetu anayefyeka msitu mzima kwa faida ya msimu mmoja, au anayefumba macho magogo yakipita usiku, hawezi kujificha nyuma ya asilimia 4. Msitu uliokatwa na kuchomwa huirudisha hewani kaboni iliyokusanywa kwa karne nyingi, na mche tunaoupanda leo hautailipa katika maisha yetu. Kupanda miti ni jambo jema, lakini mche hauwi badala ya mti wa kale.

Tena twapaswa kuwashukuru wapimaji, pamoja na wenyeji wajuao kila mti kwa jina lake, maana bila kujua majina vipimo vyote ni bure. Mwaka 2021 hesabu nyingine ya namna hiyo, iliyokusanywa katika nchi 12 za Afrika, ilionyesha ya kuwa misitu ya milima yetu hubeba juu ya ardhi wastani wa tani 149 za kaboni kwa hekta, wakati vitabu vya mataifa viliikadiria tani 89 tu. Kwa hiyo wapimaji hawa si manabii wa mabaya tu. Huandika wanachokiona, kiwe cha kutupendeza au cha kutuhuzunisha. Uaminifu wa namna hiyo ni fadhila, kwa kuwa mtu asiyetaka kuhesabu deni lake hujidanganya kwanza mwenyewe, kisha huwadanganya wanawe.

Hesabu sasa tunayo, na kusema "hatukujua" haiwezekani tena. Msitu umetulipia kwa muda mrefu, nao unachoka. Wazee wetu walikwisha kusema ya kuwa dawa ya deni ni kulipa, wala hawakusema ya kuwa dawa yake ni kumtafuta mwingine wa kulipa.