Je, Msikiti Hufa?

Miongoni mwa starehe ambazo watu wa Temeke na Kinondoni wamejizoeza katika miaka hii, ipo ya kukodi basi dogo siku ya Jumapili, likaondoka Mbagala au Tandika alfajiri kabla foleni ya magari haijafunga njia, likapita Mwenge na kushika barabara ya Bagamoyo, limebeba akina mama wa kikoba, au wanafunzi wa sekondari, au jamaa wa ukoo mmoja waliovaa sare ya vitenge, kwenda kutembezwa katika magofu. Kituo cha kwanza huwa Kunduchi. Cha pili huwa Kaole, kiasi cha kilomita 5 kusini ya mji wa Bagamoyo. Kisha watu hupelekwa kuiona misheni ya Wakatoliki, hula samaki ufukoni, na magharibi huwakuta wamekwama Tegeta wakirejea makwao. Ada hulipwa langoni, mwongozaji hutangulia, na maneno yake, kwa kuwa ameyasema mara nyingi, hutoka yamepangika: huu ni msikiti wa karne ya 13, haya ni makaburi ya nguzo, bakuli hizi zilitoka Uchina, na mbuyu huu ukiuzunguka utaongezewa umri. Juu ya mbuyu sina la kusema, ila nimeona watu wazima wakiuzunguka huku wakicheka, na sikuona hata mmoja aliyekatiza njiani.

Katika maelezo yote hayo haligusiwi jambo ambalo kwangu mimi lilistahili kutangulia mengine. Mgeni aingiapo ndani ya zile kuta zisizo na paa, akasimama na viatu vyake mbele ya mihrabu, akapiga picha na kutoka, je, alikuwa msikitini au hakuwa? Kama hakuwa, ni siku gani, na kwa tendo la nani, mahali pale palipoacha kuwa msikiti? Na kama alikuwa, basi sisi sote tunaotembezwa pale tunafanya jambo ambalo katika msikiti wa mtaani kwetu, Mtoni au Magomeni, tusingethubutu kulifanya.

Sheria ya nchi ina jibu lake, nalo ni jibu la tarehe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mpaka katika mwaka 1863, ikayatia katika hifadhi majengo yaliyotangulia mwaka huo. Na kwa hesabu hiyo msikiti wa Kunduchi, unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au ya 16, ni kumbukumbu ya taifa, sawa na ngome au nyumba ya biashara. Siibezi sheria hiyo, maana bila yake mawe yale yangekwisha kusagwa kokoto, kama yanavyosagwa matumbawe ya namna ile ile katika machimbo yasiyo mbali na hapo. Nao wezi walitangulia sheria. Zitazame nguzo za makaburi ya Kunduchi kwa karibu, uone yale matundu ya mviringo ambamo bakuli na sahani za kauri zilipachikwa chokaa ikiwa mbichi: vyombo vingi vimekwisha kung'olewa, lakini ukitia mkono ndani ya tundu utaikuta chokaa imelainika kwa kufuata mgongo wa bakuli, na pengine duara la kitako limebaki limeng'ang'ania, kwa sababu aliyeiba alivunja chombo alichokuja kukitwaa. Sheria huzuia mkono wa namna hiyo. Haisemi kitu juu ya miguu yetu.

Wako watakaosema kwamba swali langu ni la kupekua mno, na kwamba faida ya magofu ni mazingatio tu: mtu aone waliotangulia walivyotoweka, ajue kuwa dunia ni hadaa, arudi kwake akiwa mnyenyekevu. Hayo ndiyo mafunzo ya Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeyatazama majumba ya wakwasi wa Pate yakiwa mahame; na ndiyo makusudio ya Kur'ani inapowaamuru watu watembee katika ardhi watazame ulikuwaje mwisho wa waliokadhibisha. Mwaka wa 9 wa Hijria, Mtume (s.a.w.) akielekea Tabuk pamoja na jeshi lake, alipita Al-Hijr, maskani ya Thamud yaliyochongwa majabalini, akawakataza masahaba wasiingie humo ila wakiwa katika hali ya kulia, na waliokwisha kuteka maji ya visima vya pale akawaamuru wayamwage, na unga waliokwisha kuukanda kwa maji hayo wawape ngamia, na wateke katika kisima kimoja tu, kile alichokuwa akinywea ngamia wa Nabii Saleh. Hiyo ndiyo adabu ya kuzuru gofu la walioadhibiwa, na imebainishwa hata katika ndoo ya maji. (Al-Hijr iliingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2008, na leo wageni hupelekwa huko pamoja na waongozaji wao kama sisi tupelekwavyo Kaole; kama kuna anayelia, sijui.)

Lakini watu wa Kaole hawakuwa Thamud. Waliadhini, waliswali, walizikana kwa kuelekezana kibla, na waliojengewa nguzo ndefu na wasiojengewa wote wamelala kwa ubavu mmoja. Kilichowaondoa, kwa maelezo ya waliouchunguza mji huo, ni tope na mikoko iliyoziba bandari, hata vyombo vikaacha kutia nanga na biashara ikasogea Bagamoyo. Hakuna ghadhabu hapo, upo mchanga. Na kisima chao, badala ya kuwa maji ya kumwagwa, ni maji ambayo mpaka leo wageni hunawia nyuso, kwa kuwa waongozaji husema hakijapata kukauka na kwamba mwenye haja anawe na kuomba. Basi ikiwa gofu la waovu lina adabu yake iliyo wazi, gofu la waumini lina adabu gani? Majumba ya matajiri yakianguka twaweza kusema kiburi kimeanguka. Msikiti ukianguka, ni nini kilichoanguka?

Hapa yafaa kuwasikiliza wanavyuoni wa fikihi, ambao waliulizana jambo hili zamani, tena kwa ukali wa mahakama, kwa sababu kiwanja cha msikiti ulioporomoka ni mali ambayo wako waitamaniyo. Muhammad bin Hasan al-Shaibani, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliona kwamba msikiti ukiharibika na watu wakauhama, kile kiwanja hurudi katika milki ya aliyekiweka wakfu au warithi wake. Mwenzake Abu Yusuf akakataa, akasema hubaki msikiti milele. Wafuasi wa Imamu Ahmad waliruhusu kuuzwa kwake, thamani itiwe katika msikiti mwingine ulio hai. Ama Mashafii, ambao ndio madhehebu ya pwani yetu yote tangu Lamu hata Kilwa na zaidi, waliufunga mlango: Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameandika katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wamekisomesha kwa vizazi, kuwa msikiti ulioanguka, hata kama kuujenga upya hakuwezekani, hauuzwi kwa hali yoyote. Hauuzwi kwa sababu hauna mwenyewe wa kuuuza. Aliyeutoa hakuwapa watu wa Kaole, hata useme kwamba kwa kuondoka watu hao zawadi imerudi. Alimpa Mwenyezi Mungu, naye hakuhama.

Tafauti ya rai hiyo na nyinginezo yaonekana zaidi tukiitazama desturi ya wenzetu. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, katika kanuni ya 1212, zasema kuwa mahali patakatifu hupoteza wakfu wake pakibomoka kwa sehemu kubwa, au pakigeuzwa moja kwa moja kuwa pa matumizi ya kawaida. Huko Uturuki, kwenye kilima cha Pamukkale, maji ya moto yaliyojaa chokaa hububujika na kuteremka, yakiganda ngazi kwa ngazi hata mlima mzima ukawa mweupe kama pamba iliyoanikwa. Na juu yake umelala mji wa Hierapolis, ambako Mayunani na Warumi walimwabudu Apollo, kisha Wakristo wakajenga kanisa kubwa la kumkumbuka Filipo aliyeuawa shahidi, kisha matetemeko ya ardhi yakaangusha vyote. Makaburi mengine ya mji huo yamefunikwa nusu na chokaa ile, maana maji hayakuacha kazi yao walipoondoka makuhani wala walipoondoka maaskofu. Kwa kanuni niliyoitaja, kanisa lile si mahali patakatifu tena, na mtalii hulikanyaga bila ya kumkosea mtu. Ajabu ni kwamba huko huko watalii huamriwa kuvua viatu, ila si kanisani: huvua wanapokanyaga ngazi za chokaa, wasiziharibu. Mwamba umepewa heshima ambayo nyumba ya ibada imenyang'anywa, na aliyeamua hivyo hakukosea kwa sheria yake.

Kwetu ni kinyume. Nakumbuka kikundi kimoja kutoka Mbagala kilichofika Kaole jua limekwisha kuwa kali. Mwongozaji, kijana mwenye adabu, alikuwa amekwisha kuingia ndani ya kuta na kuanza kueleza habari za mihrabu, na watu wamemzunguka, alipoona bibi mmoja amesimama nje ya mlango akihangaika na kandambili zake.

"Bibi, usivue, kuna miba," akamwambia.

"Miba naijua, mjukuu wangu," bibi akajibu. "Huu si umeniambia msikiti?"

Wasichana wawili wakacheka, mwongozaji akanyamaza kidogo, kisha akaendelea na karne ya 13. Bibi akaingia kwa mguu wa kulia, akasimama pembeni midomo ikimcheza. Hakuwa amesoma Minhaj, nadhani. Lakini hukumu aliyoipitisha pale mlangoni ndiyo ile ile ya Nawawi, naye aliifikia kwa njia fupi kuliko yangu, kwa kuamini kwamba neno likitajwa, mambo yake yameambatana nalo.

Yupo atakayepinga kwa hoja iliyo na nguvu: msikiti ni watu, si mawe, na kwa kuwa ardhi yote imefanywa kuwa mahali pa kusujudia, huku ni kuabudu kuta. Naikubali nusu ya hoja hiyo. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, uko msikiti ambao maandishi ya mihrabu yake yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Jengo lenyewe lilijengwa upya katika karne ya 18, paa lake leo ni la bati, na watu huswali humo kila siku, hata mgeni ajapo kutazama maandishi hulazimika kungoja jamaa watoe salamu. Ni dhahiri kwamba watu ndio waliouweka hai, si mawe, maana mawe ya Kaole yana ubora ule ule. Lakini kuwa hai na kuwa msikiti ni mambo mawili. Mtu aliyezirai hajatoka katika ubinadamu, wala hatuwi huru kumruka kwa sababu haitiki. Wakfu wa Kaole umezirai, na mimi naona, baada ya kuzipima rai zote, kwamba Mashafii wamelishika jambo lenyewe: ahadi aliyopewa asiyekufa haiwezi kufa kwa kufa kwa aliyeitoa, wala kwa jirani zake kuhamia Bagamoyo.

Nikisema hivyo sidai lango lifungwe, wala ada isitozwe. Fedha ile hulipa wafyekao vichaka na walindao nguzo, na mlinzi wa msikiti kupata riziki yake si jambo geni katika Uislamu. Nadai kidogo zaidi ya hapo: mwongozaji aanze kwa kusema kwamba hapa ni msikiti, kwa kitenzi cha leo, kisha kila mmoja aamue juu ya viatu vyake; na mwenye kutaka kuswali rakaa mbili za maamkizi asitazamwe kama anayeharibu ratiba.

Linabaki tatizo ambalo wanavyuoni hawawezi kulimaliza peke yao. Hukumu ya msikiti huanguka juu ya kile kilichowekwa wakfu tu, si juu ya ua, wala birika, wala makaburi yaliyoegemea ukuta, na pale Kaole vitu hivyo vimeshikana, tena misikiti yenyewe ni miwili. Mwanamke mwenye udhuru unaomzuia kukaa msikitini, aliyekuja na kikundi chake kutoka Tandika na kulipa ada kama wenzake, ana haki ya kujua asimame wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Neville Chittick, aliyekuwa msimamizi wa mambo ya kale wa Tanganyika, alipochimbua misingi ya Kaole akapima kuta, alikuwa akitafuta historia ya biashara na ya ujenzi. Lakini ramani za wachimbaji wa namna hiyo, zinazoonyesha ukuta gani ulitangulia na upi uliongezwa, ndizo atakazozihitaji kadhi siku atakapoulizwa mpaka uko wapi, na mpaka huo waweza kuchorwa chini kwa safu moja ya mawe meupe.