Nasaha kwa Waongozao Sala Kasongo na Kabambare

Ndugu unayeongoza sala, wingi wa mistari ya Biblia usikudanganye. Shetani naye, kwenye kinara cha hekalu, alimsomea Yesu Zaburi ya 91. Kwa hiyo ukimsikia mchimbaji wa Namoya akimpa Mungu siku ya mwisho ya kumletea dhahabu, na kila sentensi ameipamba kwa aya, ujue bado hajaomba kwa Maandiko. Yakobo, katika sura ya 4 ya waraka wake, anawaonya waombao vitu ili wavitumie kwa tamaa zao.

Sala ya Maandiko huanza na kumjua Mungu wa Maandiko, na hapo hakuna njia ya mkato: ni kusoma. Mmisionari David Livingstone alilazwa na vidonda vya miguu huko Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, na baadaye akaandika katika shajara yake kwamba akiwa Manyema ameisoma Biblia nzima mara nne. Lakini kusoma hakukufunga vidonda. Kilichomfaa, kwa maandishi yake mwenyewe, kilikuwa malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Nabii Isaya angemwelewa. Mfalme Hezekia alipolia na kuomba, Mungu aliahidi kumponya, na hapo hapo nabii akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu (Wafalme wa Pili 20). Basi usimwambie mgonjwa aache vidonge vya hospitali ili imani yake ionekane. Ukimwekea mikono, muulize kama amekunywa dawa. Akikosa pesa ya kuinunua, pitisheni kikapu kabla ya amina.

Kwa mfiwa, nenda polepole. Nimeona mara nyingi viongozi wa sala wakimkataza mama aliyefiwa asilie, wakimhimiza ashangilie kwa kuwa Mungu ametenda. Nani amewafundisha hivyo? Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, wala hakuna nabii aliyeiongezea mwisho mtamu. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa. Nchi hii ina ya kulilia: Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, soko lilipomiminiwa risasi na wanawake wakafa majini Lualaba, uasi wa Simba wa 1964, vita vilivyoanza 1996 na vikundi vya silaha vilivyofuata. Mama akimwuliza Mungu mbona amemwacha, anasali kama Daudi. Kaa naye, uitikie.

Ukiitwa kwenye matanga ya jirani Mwislamu, na Kasongo utaitwa tu, toa pole, keti chini na wenzako, ukae kimya wanapomswalia maiti wao. Usigeuze msiba wao kuwa mkutano wako wa injili. Ukiombwa neno, liwe fupi; Yesu katika Mathayo 6 alikwisha kukataza maneno mengi.

Tena, chunga ulimi wako macho yakiwa yamefumbwa. Wapo wanaomwomba Mungu amtoe dada fulani roho ya uzinzi, jina likitajwa mbele ya kanisa zima. Huko ni kumsengenya mtu huku Mungu akifanywa shahidi. Farisayo wa Luka 18 alimshukuru Mungu kwamba hafanani na mtoza ushuru aliyesimama mbali, na sala yake haikumpatia haki.

Zito kuliko yote ni sala ya moto. Yakobo na Yohana, waliponyimwa mahali pa kulala katika kijiji cha Wasamaria, walitaka kuita moto ushuke uwateketeze. Yesu akageuka, akawakemea, wakaenda kijiji kingine (Luka 9). Wewe je, vijana wakianza kuita moto juu ya bibi kizee wa mtaa, wakimtaja kuwa ndiye mchawi aliyemla mtoto? Funga sala hapo hapo. Wapeleke nyumbani wazazi wa huyo mtoto, wapate wa kulia nao, kisha upite kwa yule bibi usiku huo huo, wala usimwache peke yake hadi kupambazuke.