Sabuni Tumempelekea. Nani Atauliza Tarehe Yake?



Nawaandikia kutoka Dimani, huku Kibiti, ambako nafanya mwaka wangu wa uchungaji. Nilipomaliza falsafa nilikuwa na uhakika kwamba naijua haki. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba haki ni nia thabiti na ya kudumu ya kumpa kila mtu kile kilicho chake. Niliiandika hiyo kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Kisha nikaja huku, na mahabusu mmoja akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu.

Nianze na kosa langu. Siku moja picha ya kijana ilirushwa kwenye grupu letu la WhatsApp. Amekaa chini, mikono nyuma, na maandishi: huyu ndiye aliyempora bodaboda pikipiki kwa panga. Ni mtoto wa wafugaji, wale waliokuja na ng'ombe wao miaka ya nyuma. Hapa wakulima na wafugaji wana ugomvi mrefu wa mashamba na malisho, kwa hiyo maneno hayakuchelewa: "Si ndivyo walivyo hao." Mimi sikuandika kitu. Niliweka emoji ya kushangaa, nikaendelea kunywa chai. Sikumfahamu, sikujua lolote kuhusu siku hiyo, lakini moyoni nilishamhukumu. Kabila lake lilinitosha kuwa ushahidi.

Miezi ikapita. Kwaresima ilipofika, vijana wetu wa VIWAWA waliamua kwenda kuwatembelea mahabusu. Tulibeba sabuni, sukari, miswaki na kandambili. Tuliimba, tukasali, na kwa kweli nilijisikia vizuri. Tulipokuwa tunaaga, kijana mmoja akanisogelea. Alikuwa yeye, yule wa kwenye picha. Kumbe ni Mkatoliki, amepata Kipaimara huko kwao kabla familia haijahamia huku. Akaniambia, "Frateri, asante, sabuni nimepata. Ila kila nikipelekwa mahakamani naambiwa upelelezi haujakamilika, narudi. Nani ataniulizia tarehe yangu?"

Nikamjibu, "Tutakuombea." Nilimaanisha. Lakini njia nzima ya kurudi nililisikia lile jibu langu, na halikunipendeza.

Ndugu zangu, Jumatatu ya wiki ya tano ya Kwaresima Kanisa hutusomea habari za Susana, katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Mnaikumbuka. Wazee wawili, tena waamuzi, wanamsingizia mwanamke huyu uzinzi kwa sababu aliwakatalia tamaa yao. Watu wanawaamini. Kwa nini? Kwa sababu ni wazee, ni wakubwa, na yeye hana wa kumsemea. Hukumu ya kifo inapita. Anapelekwa kuuawa. Hapo Mungu anaamsha roho ya kijana. Angalieni, si kuhani wala si mzee wa ukoo. Ni kijana kama ninyi, anaitwa Danieli, na anapaza sauti kwamba yeye hatashiriki damu ya mwanamke huyu.

Tazameni anachofanya baada ya hapo. Hafanyi muujiza. Anawakemea watu kwa kumhukumu binti wa Israeli bila kuchunguza, anawatenganisha mashahidi wawili, anamuuliza kila mmoja swali lile lile: uliwaona chini ya mti gani? Huyu anataja mti huu, yule anataja mti mwingine. Kesi imekwisha. Susana aliomba, na Mungu akajibu sala yake kwa kumtuma mtu wa kuuliza swali. Tangu siku ile mahabusu, nimeanza kuamini kwamba Mungu bado anajibu sala nyingi za magerezani kwa njia hiyo hiyo, ila sisi tunaotumwa tunaishia kupeleka sabuni.

Msinielewe vibaya. Sabuni ni Injili. Katika Mathayo 25 Bwana anajitambulisha na mfungwa, na wala haulizi kama mfungwa huyo ana hatia au hana. Tarehe 26 Desemba 2024, Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu ndani ya gereza la Rebibbia kule Roma, ili wafungwa wajue kwamba Jubilei ya matumaini ni yao pia. Lakini Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake Caritas in Veritate wa mwaka 2009, anatukumbusha kwamba upendo unapita haki, ila hauwezi kuiruka. Siwezi kukupa zawadi kutoka mfukoni mwangu huku nimekalia kilicho chako. Sabuni ilikuwa zawadi yetu. Ile tarehe ni mali yake.

Nikatafuta nani anafanya kazi hiyo. Nikaelekezwa kwa mama mmoja wa makamo, Mwislamu, msaidizi wa kisheria wa kujitolea. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watu kama yeye: si mawakili, lakini wamefundishwa, na kazi yao ni kumsaidia mtu asiye na kitu aielewe sheria na amfikie wakili. Nilimpa shikamoo, nikamweleza. Hakuniuliza kijana ni wa dini gani wala kabila gani. Aliuliza, "Hati ya mashtaka mnayo? Inasema tukio lilikuwa siku gani?" Nilikuwa nimeimba na mahabusu yule saa nzima, na sikuwa na habari ya siku hiyo.

Mama yule akafuatilia. Mama mzazi wa kijana alikuwa akisema siku zote kwamba siku ile mwanawe alimpeleka mpwa wake zahanati. Nani angemwamini? Ni mama mtu, tena mfugaji. Msaidizi wa kisheria yeye akaenda kuulizia daftari la zahanati. Jina la mtoto limo, na tarehe ni hiyo hiyo. Je, hilo linathibitisha kwamba kijana hana hatia? Hapana. Zahanati hufungwa, na siku ina saa nyingi. Lakini ni mti wa Danieli: jambo linaloweza kuulizwa mahakamani, kama atakuwepo wa kuuliza.

Msidhani haya ni mambo madogo ya kijijini. Alex Thomas, Mtanzania mwenzetu, alifungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha katika kesi ambayo hakuwa na wakili. Mawakili wa umoja wao wa Afrika, PALU, walimsimamia bila malipo, na tarehe 20 Novemba 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua kwamba haki yake ya kusikilizwa ilivunjwa. Kule Alabama, Marekani, mtu mweusi aitwaye Walter McMillian alihukumiwa kifo mwaka 1988. Watu weusi wengi walitoa ushahidi kwamba saa ya mauaji alikuwa nao nyumbani kwake, wakikaanga samaki kuchangia kanisa. Hawakuaminiwa. Wakili Bryan Stevenson, aliyeanzisha shirika la Equal Justice Initiative, aliishika kesi hiyo hadi McMillian akatoka huru mwaka 1993. Rangi ya ngozi kule, ukoo na ng'ombe huku: dhambi ni ile ile. Ni kuamua nani anaaminika kabla hajafungua kinywa.

Basi nikawaletea vijana wetu hoja. Tulikuwa tumechanga hela ya sare za Pasaka. Nikasema, tutoe nusu tukichangie kikundi cha yule mama: nauli, vocha, karatasi za kutoa nakala. Jamani, pakachafuka! Mmoja akasema, "Frateri, hela ya sare iende kwa mhalifu?" Mwingine, "Na kile kikundi si cha kwetu Wakatoliki." Mwingine akasema kwa uchungu zaidi: sisi wa Kibiti tumeshaumia, anayewatetea watuhumiwa anatusahau sisi.

Hoja hiyo ya mwisho ilininyamazisha. Mimi ni mgeni. Sikuwepo miaka ile ya mauaji, viongozi wa vijiji walipokuwa wakipigwa risasi, na askari polisi wanane wakauawa kwa siku moja, tarehe 13 Aprili 2017. Sikuwepo watu walipokuwa wakihama makwao kwa hofu, wala Novemba mwaka huo, mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alipotoweka. Nani mimi niwafundishe hawa msamaha?

Aliyejibu ni binti mmoja anayekaa nyuma siku zote. Alisema taratibu, "Baba yangu mdogo waliuawa pamoja na mwenzake kipindi kile. Mpaka leo sijui ni nani. Mkinikamatia mtu yeyote tu mkasema ndiye huyu, mmenifariji au mmenidanganya? Mimi nataka aliyefanya. Anayeuliza vizuri ndiye ananitetea mimi."

Hakuna aliyesema kitu tena. Nusu ya hela ilitoka siku ile ile, na Pasaka tuliimba na sare za mwaka juzi.

Kijana wa Kikatoliki unayesoma hapa kwenye simu yako, naomba ulibebe hilo neno la binti. Kumpatia mshtakiwa haki yake si kumnyima haki aliyeumizwa. Asiye na hatia akifungwa, mwenye hatia analala kwake, na marehemu bado hajatendewa haki. Serikali yenyewe imekiri kwamba kuna la kurekebisha: Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huo tume ikakabidhi ripoti yake. Lakini ripoti haipandi basi kwenda kuulizia daftari la zahanati. Mtu ndiye hupanda, na mtu huyo anahitaji nauli.

Kwa hiyo tufanye nini? Uliza parokiani kwako kama kamati ya Haki na Amani iko hai au ni jina tu ubaoni. Watafuteni wasaidizi wa kisheria wa wilaya yenu. Yapo pia mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kinachofanya kazi hii tangu mwaka 1995. Kabla ya kuchanga, ulizeni usajili na risiti. Hata wema una mahesabu. Unayesoma sheria chuoni, toa muda wako. Na sote, picha ya mtuhumiwa ikifika kwenye grupu, iishie kwako. Hicho ni kidole kimoja tu kisichobonyeza, lakini Danieli naye alianza kwa kukataa kushiriki.

Kijana wetu bado yuko ndani. Wakili amepatikana, anajitolea, na safari hii upelelezi umeelezwa kuwa umekamilika. Sijui hukumu itakuwaje, na kama kweli alifanya, aadhibiwe. Nilipomtembelea tena nilimpelekea sabuni, na nikamwambia tarehe yake. Aliirudia mara mbili kwa sauti ili asiisahau, akacheka. Sijawahi kuona mtu akifurahia tarehe hivyo.

Ee Bwana Yesu, uliyehukumiwa usiku kwa ushahidi usiopatana, na rafiki zako wakakimbia: utusamehe tulivyonyamaza. Utupe macho ya kumwona ndugu kabla ya kabila lake, na ujasiri wa kuuliza swali la pili. Uwafariji waliouliwa ndugu zao, uwakumbuke walioko mahabusu. Amina.