Apewe Kazi Kabla ya Nani?

Wale tuliolelewa pamoja Dadaab mnanijua. Sikuwa mtu wa kuandika, nilikuwa mtu wa mpira. Lakini tangu nirudi Kismayu kuna swali limenikaa kifuani, na huku sina wengi wa kuzungumza nao bila kuogopa nani anasikia. Bas, nawaandikia nyinyi. Na nyinyi wa mashirika mnaosoma humu, msome pia, manake swali lenyewe lilitoka kwenye fomu zenu, sisi tukaachiwa kulijibu.

Kazi yangu ni na vijana. Tulipata mafunzo ya kutengeneza injini za boti: miezi sita, nafasi kumi, na mwisho kila mtu anapewa kisanduku cha spana. Waliojiandikisha walikuwa 43. Kwenye karatasi ya mradi paliandikwa kwamba nafasi mbili katika hizo kumi ziwekewe waliotoka kwenye vikundi vya silaha. Mmoja wao alikuwa kijana wa umri wangu. Alikuwa amekaa na Al-Shabaab karibu miaka mitatu, akatoroka, akapitia kituo cha urekebishaji, akatoka na barua mkononi.

Aliyekosa nafasi alikuwa kijana wa Kibajuni ambaye asili yao ni kisiwa cha Chula. Babake akaja kuniona. Nitamwita Ami tu, kama tunavyowaita wazee wetu. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akasema:

"Mwanangu, sisi tulichukuliwa mashua, tukachukuliwa nyavu, mpaka mabati ya nyumba. Bunduki hatukushika. Hatukuwa nayo na hatukuitaka. Sasa nambie, lau ningempa mwanangu bunduki, leo si angekuwa na nafasi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitaliangalia, maneno ya ofisini yale. Haya ninayoandika ndiyo kuliangalia kwenyewe.

Kwa asiyejua, serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, jeshi lilivunjika na watu wakaenda na bunduki zao. Hakuna aliyewatafutia kazi nyingine, kwa hivyo bunduki ikawa ndiyo kazi. Kismayu ikatoka mkono wa kundi hili kwenda mkono wa lile. Wabajuni, watu wa bahari wasio na jeshi la ukoo, waliibiwa na kila aliyepita. Wengi walikimbia kwa mashua hadi Lamu na Mombasa, wakakaa kambi ya Jomvu, na wengine mwisho wao ukawa Dadaab na Kakuma. Agosti 2008 Al-Shabaab wakaushika mji, mpaka mwisho wa Septemba 2012 lilipoingia jeshi la Kenya pamoja na wapiganaji wa Raskamboni. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka 1991 amekua akimwona mwajiri mmoja tu asiyefunga duka: mwenye silaha.

Watu wa mradi walinipa jibu lao. Walisema, huyu kijana asipopata kazi atarudi msituni. Si uongo. Mfano upo hapo Kenya. Waruhiu Itote alipigana Burma akiwa askari wa King's African Rifles katika Vita vya Pili vya Dunia. Aliporudi aliishia kufanya kazi ya reli, wakati askari wa Kizungu waliwekewa mpango wa kupewa mashamba kwenye nyanda za juu. Miaka michache baadaye aliingia msituni na Mau Mau, akajulikana kama General China. Simlinganishi na Shabaab, yeye alipigania ardhi ya watu wake. Ninachosema ni kwamba mtu aliyefundishwa vita, akikosa pa kusimama mjini, ana mahali pengine anapopajua.

Lakini jibu hilo, likiwa peke yake, ni baya. Ukimpa mtu kazi kwa sababu unamwogopa, hiyo ni fidia ya mateka, na mateka ni sisi wote. Na vijana wana masikio. Wale 33 waliokosa nafasi walisikia kwamba mtulivu hana haraka, atasubiri, lakini wa kutisha lazima ashughulikiwe. Ami aliyaona hayo kabla yangu.

Kuna jibu la pili, nalo ni kwamba wapiganaji si wa namna moja. Yuko aliyekuwa askari wa serikali, akatumwa, akapigana, akavunjika mguu. Huyo anadai, na sisi ndio tunaodaiwa. Yuko mtoto aliyechukuliwa madrasa akiwa na miaka 13. Yuko aliyeingia kwa njaa, na yuko aliyeingia kwa kupenda. Kijana wetu aliniambia aliingia kwa mshahara, akakaa kwa hofu. Nilimwamini. Ila hata nikimwamini, mashua ya watu imeshakwenda.

Hapo ndipo nilipokwama wiki nzima. Tulifundishwa madrasa kwamba haki ya mja haisamehewi mpaka mja mwenyewe asamehe. Mungu husamehe yaliyo yake. Basi sisi wa ofisini ni nani hata kwa nafasi moja ya mafunzo tufute deni la mtu mwingine? Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, mbali wakaingia. Tulivyofanya sisi, tulimnyamazisha mfiwa halafu tukaanza kugawa pole.

Nikafika mahali hapa, na mnikosoe kama nimekosea. Kazi si msamaha. Tulikuwa tukizichanganya, mimi na mradi na Ami pia. Kijana akipata spana hajasafishwa. Alichopata ni uwezo wa kudaiwa. Asiye na kitu hulipa nini? Atasema samahani, na samahani ya mtu asiye na mbele wala nyuma haimgharimu kitu. Lakini mwenye kazi ana cha kutoa, ana mahali anapopatikana kila asubuhi, ana jina analoogopa kuliharibu. Unaweza kumfuata ukamwambia, wewe, siku fulani. Msituni nani atamfuata?

Kwa hivyo apewe nafasi. Lakini swali la Ami bado linasimama: itoke kwa nani? Kosa letu lilikuwa hapo. Tulichukua nafasi kumi zilizokuwa za watu wote, tukakata mbili. Gharama ya amani ya mji mzima tukaibebesha vijana wawili maskini, na mmoja wao ni wa watu walioibiwa tangu mwanzo. Kama amani ni ya wote, wote wailipie. Uganda kati ya 1992 na 1995 iliwaachisha jeshi askari zaidi ya 36,000. Haikuwa kazi safi kila mahali, lakini palikuwa na mpango wake na fungu lake, na walimhesabu askari pamoja na familia yake: usafiri wa kurudi kwao, mabati, mbegu, pesa kidogo. Askari hakuambiwa akagombanie jembe la jirani yake.

Na hapo kwenye familia tumelala sana. Karibu na soko yuko mjane wa askari wa serikali anayeuza sambusa. Mumewe hakutoroka kwenda popote, alikufa kwenye kizuizi cha barabara. Kwenye fomu zetu hana kisanduku cha kuwekea alama. Si "aliyetoka kwenye kikundi", si "kijana", na "mjane" ni mradi mwingine uliokwisha. Aliyebaki na serikali akafa, mkewe anachoma mafuta juani. Aliyekuwa upande wa pili ana barua. Sisemi barua ichanwe. Nasema na yeye apate yake.

Niliomba tuongeze nafasi mbili. Walikataa kwanza, kisha wakakubali moja. Kijana wa Ami akaingia akiwa wa kumi na moja, nikamweka meza moja na yule mwingine kwa kuwa vifaa vilikuwa vichache. Hawakuwa marafiki. Waligombania kabureta moja miezi sita.

Mafunzo yalipokwisha nikajifunza jambo ambalo fomu haiulizi: kupata kazi ni siku moja, kubaki nayo ni kila siku. Wote walikuwa na spana, lakini kwa yule kijana hakuna aliyeleta injini. Mvuvi hampi injini yake mtu asiyemwamini, manake ikizima nje ya kisiwa ni maisha yake. Alikaa pwani wiki tatu akifuta spana safi. Nikaona hivi hivi atarudi, na ripoti yetu imeshaandikwa kwamba amefaulu.

Kisha injini ya Ami ikafa. Mwanawe alikuwa amekwenda Koyama. Ami akaja na injini juu ya mkokoteni, akasimama mbali na kile kibanda, akaniita mimi.

"Mpe," akasema. "Na umwambie sijasamehe. Injini imekufa tu."

Nikamwambia vile vile. Kijana akainamisha kichwa, akaifungua. Alimaliza magharibi, akakataa pesa. Ami akamwekea pesa juu ya kisanduku, akaondoka. Baada ya hapo wakaja wavuvi wengine wawili.

Sijui kama kile cha Ami tukiite haki. Najua hakikuandikwa na mradi, na bila yeye mradi wetu ungekuwa karatasi tu. Mnaotoka mashirika, mkija na nafasi zenu za waliotoka msituni, njooni na za waliobaki nyumbani pia, na muulize walioibiwa kabla hamjachapisha majina.

Na nyinyi wenzangu wa kambini, wengi wenu mtarudi siku moja. Mtakutana sokoni na mtu mnayemjua. Ukipewa wewe ile karatasi, nafasi kumi na majina 43, ungeandika la nani kwanza? Niandikieni. Mimi bado nina mafunzo mengine mwezi ujao.