Mizani ya Watu wa Misri ya Kale

Watu wa Misri ya kale waliitakidi ya kwamba maiti huhukumiwa mbele ya Osiris, mungu ambaye, kwa kauli yao wenyewe, aliuawa na nduguye Seth! Anubis, mwenye kichwa cha bweha, huupima moyo wa maiti kwa unyoya wa Maat. Ukizidi uzito, huliwa na Ammit. Hesabu waliijua kuwa ipo. Walakini wakaitafutia hila: kifuani mwa maiti waliweka jiwe lenye sura ya mdudu afingirishaye samadi, limeandikwa maneno ya kuusihi moyo usimshuhudie mwenyewe kwa ubaya. Na sura ya Yasini, isomwayo penye maiti wa Kiislamu, yataja siku ambayo vinywa vitapigwa muhuri, mikono iseme na miguu ishuhudie. Basi avaaye hirizi hali amekula mali ya yatima, ataisihi mikono yake kwa jiwe gani?