Mikono Haikumbuki Udhuru

Wanangu mnaoanza kazi ya malori, nisikilizeni kabla hamjaanza kusikia sifa. Siku si nyingi watu watasema, "Kijana huyu kazaliwa na usukani." Msikubali. Hakuna aliyezaliwa na usukani. Yupo aliyeingiza gia ileile na kutazama kioo kilekile mpaka mwili ukaacha kuomba ruhusa. Hapo ndipo raha ya kazi hii inapoanza, na hatari yake pia.

Anayekwenda Kigali atanielewa upesi. Kutoka Dar es Salaam unashika kushoto: Morogoro, Dodoma, Singida, Kahama, mpaka Rusumo. Ukivuka daraja la Mto Kagera, unahamia kulia, maana Rwanda, Burundi na Kongo, nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji, ndivyo zinavyoendesha. Asiyejua hudhani hatari iko palepale mpakani. Mpakani kila dereva ana macho manne. Hatari iko kesho yake: umelala, umekunywa chai, unatoka kituo cha mafuta alfajiri, barabara tupu, hakuna gari mbele la kukukumbusha. Akili inawaza mzigo, mikono inakupeleka kushoto. Wala hutahisi kosa. Utajiona uko sawa kabisa, mpaka taa za mwenzako zichomoze kwenye kona.

Basi shikeni hili: kujiona uko sawa hakumaanishi uko sawa. Kunaonyesha tu kwamba jambo hilo umelirudia sana.

Sweden waliliona hili nchi nzima. Tarehe 3 Septemba 1967, saa 11 alfajiri, magari yote yalihama kutoka kushoto kwenda kulia. Wengi walitarajia maafa, kumbe ajali zilipungua, kwa kuwa kila mtu aliendesha kwa hadhari. Ugeni ulipokwisha na watu wakazoea, baada ya kama miaka miwili ajali zilirudi kwenye kiwango cha zamani. Ugeni ulikuwa umewalinda kuliko uzoefu.

Jambo la pili: mwili haubagui jema na baya. Kijana hufundishwa na mwenzake kwamba mteremkoni atoe gia, gari literemke lenyewe, dizeli ibaki. Mara ya kwanza moyo unamdunda. Akirudia, moyo unatulia, naye anadhani ameiva. Hajaiva, amezoea. Gari lenye mzigo likiwa halina gia, injini haisaidii kulizuia. Kazi yote inaachiwa breki, breki zinapata moto, zikipata moto zinalegea. Siku moja, kwenye mteremko wa Sekenke au Kitonga, utataka kurudisha gia nayo itagoma kuingia, kwa sababu mwendo umeshazidi.

Kwa hiyo, ngozi ivuteni ingali maji. Mchagueni dereva wa kukaa naye, maana utingo anajifunza hata anapodhani anatazama njia tu. Anachokiona kila safari ndicho atakachokifanya siku atakayoachiwa usukani.

Tena ogopeni neno "leo tu." Leo gari ni tupu, leo hakuna trafiki, leo tumechelewa. Sababu zote hizo mnazijua nyinyi, mikono haizijui. Mikono haikumbuki udhuru, inakumbuka kitendo.

Na pale ambapo mazoea hayaaminiki, tumieni kinywa. Upande wa pili wa Rusumo, kila mnapowasha gari, dereva aseme kwa sauti, "Kulia!" na utingo aitikie, "Kulia!" Watakaowacheka wacheni wacheke.

Aliyekwisha kuzoea vibaya asiniambie, "Mzee, mimi ndivyo nilivyo." Sivyo ulivyo, ndivyo ulivyorudia. Kuapa peke yake hakuondoi mazoea. Yanaondolewa na mazoea mengine, kwa kurudia lililo sahihi hata pale linapokuchosha na kukufanya ujione mgeni. Anza na gari tupu, mteremko mdogo, gia ndogo, siku usiyo na haraka. Siku breki zitakapokataa hutapata nafasi ya kuchagua wala ya kukumbuka nasaha ya mzee. Utafanya ulichozoea.