Deni la Msimulizi

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo wasemavyo wahenga. Je, mwandishi aichezaye ngoma ya kwao katika uwanja wa ugenini, mbele ya watazamaji wasiopajua kwao, atatunzwa na nani? Swali hili laihusu riwaya ya Kitanzania iliyoandikwa kwa Kiingereza, nalo ni swali la maadili kabla ya kuwa la fasihi.

Mfano na uwe Ringwani, katika nchi ya Wangoreme, mkoani Mara, jirani na Serengeti. Bibi wa huko awahadithiapo wajukuu kwa Kingoreme, hadithi huwa ina wenyewe. Akikosea jina la mto au la ukoo, hukosolewa papo hapo, kwani msikilizaji ana haki juu ya msimulizi. Sasa hadithi hiyo na iandikwe kwa Kiingereza, ichapishwe London. Awezaye kuikosoa haisomi; aisomaye hawezi kuikosoa. Hapo ndipo deni lizaliwapo.

Hata hivyo, si kila utanzu wa riwaya hiyo unadaiwa sawa. Upo kwanza utanzu wa kijiji, ulioanza na *Dying in the Sun* ya Peter Palangyo (1968) na *Village in Uhuru* ya Gabriel Ruhumbika (1969). Huu ndio wenye deni kubwa, kwa kuwa humfafanulia mgeni mambo ambayo mwenyeji hahitaji kufafanuliwa, na mwenyeji akageuka kuwa mtu wa kuelezwa badala ya mtu wa kuambiwa.

Utanzu wa ardhi una hoja nyingine. *Blood on Our Land* ya Ismael Mbise (1974) yasimulia Wameru walivyoondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951, mwaka ambao Hifadhi ya Taifa ya Serengeti nayo iliasisiwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet aliyapeleka malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Mlalamikaji hana budi kusema kwa lugha aisikiayo hakimu. Nani basi atamlaumu mwandishi aliyefuata njia ile ile?

Ama utanzu wa kumbukumbu na uhamaji, kama *The Gunny Sack* ya M. G. Vassanji (1989) na *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah (1994), huo ni wa watu ambao safari yenyewe imewapa lugha ya pili ya kuishi. Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitunukiwa Nobeli mwaka 2021. Mwaka uliofuata riwaya yake ilirudi nyumbani kwa jina la *Peponi*, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Wazanzibari wengi waliokuwa wakilisikia jina la mwandishi wao pasi na kuyasoma maneno yake walipata kwa mara ya kwanza haki ile ya mjukuu: kudakia, kuuliza, hata kukosoa.

Mpenzi wa fasihi wa pwani huenda akasema kwamba mwacha asili ni mtumwa, na kwamba dawa ni moja tu, kuandika Kiswahili. Kauli hiyo ni tamu kwa aliyezaliwa ndani ya lugha ya vina na mizani. Lakini kwa bibi wa Ringwani, Kiswahili nacho kilifika kutoka mbali, kikiwa lugha ya shule na ya serikali. Ushahidi uko kisiwani Ukerewe, ng'ambo ya maji ya ziwa lile lile linalopakana na Mara. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, asipate mchapaji. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ndipo ikachapishwa mwaka 1980, baada ya miaka 35. Mwaka 1981 akafariki dunia. Kiswahili kilimfungulia mlango, na papo hapo kikaonyesha kwamba lugha yake ya mama ilikuwa imefungiwa nje.

Kosa basi halimo katika lugha. Limo katika kuchukua bila kurudisha. Ruhumbika, baada ya riwaya ile ya Kiingereza, aliandika kwa Kiswahili *Uwike Usiwike Kutakucha* (1978), *Miradi Bubu ya Wazalendo* (1992) na *Janga Sugu la Wazawa* (2001). Tena mwaka 2002 akaichapisha kwa Kiingereza kazi ya Kitereza, akiifasiri kutoka Kikerewe chenyewe. Mtu huyo mmoja alivuka mto pande zote mbili, na kila alipovuka alikuwa na mzigo wa mwenzake kichwani.

Dawa ya deni ni kulipa. Mwandishi na achague lugha aiwezayo, na asihukumiwe kwa kuichagua. Ila siku atakapomaliza, na ajiulize kama yupo bibi anayeingoja hadithi yake irudi, na ni nani atakayemsomea. Swali hilo halimkabili mwandishi wa Kiingereza peke yake. Linamkabili pia yule aandikaye Kiswahili safi kabisa, akidhani kwamba kwa sababu hiyo hadaiwi na mtu.